YAH: Malalamiko kuhusu gundi ya kioo na maneno niliyoambiwa kaunta

Meneja,
Tawi la Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa heshima, ingawa ya kwangu niliiacha kwenye kaunta yenu tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, mbele ya foleni ya watu.

Siku hiyo nilirudisha tyubu mbili za ile gundi nyeusi inayovutika kama mpira, moja imetumika, nyingine haijafunguliwa. Kijana wenu hakutazama hata risiti. Aliniinulia tyubu usoni akaniuliza kwa sauti: "Mama, unajua kusoma? Hapa pameandikwa gundi, hapajaandikwa uji." Watu wakacheka. Ndugu Meneja, nimefundisha darasa la kwanza miaka 31. Kusoma ndiko kulikonilisha.

Noah yangu inapiga ruti ya Uyole na Tukuyu. Fundi alipobadilisha kioo cha mbele alifuta kingo, akapaka praima, ile dawa ya kushikisha gundi, akaminya gundi, na gari likalala siku mbili bila kuguswa. Tyubu yenu inasema gundi hukauka milimita 3 kwa saa 24. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa Isyonje, kioo kikaanza kucheza kama jino la mtoto, maji yakitiririka kwenye dashibodi, abiria saba ndani. Fundi alipokichomoa tulikuta gundi ukingo mmoja bado uji, ukingo mwingine mabonge kama ugali ulioshindwa kusongwa. Kwa hiyo kuhusu uji kijana wenu hakukosea sana.

Alisema ni baridi ya Mbeya. Baridi huchelewesha, sikatai. Lakini gundi ya aina hii hukauka kwa unyevu wa hewani, na mwezi wa tano huko Rungwe unyevu nani aliwahi kuukosa? Tena mabonge hayaletwi na baridi. Hiyo ni tyubu iliyokaa rafuni mpaka ikaanza kuganda yenyewe.

Tyubu ya tatu tuliipaka kwenye kiungo cha gata, juu ya mlango wa jikoni. Imebanduka nzima nzima kama ganda la ndizi. Ndoo iko pale mpaka leo.

Narudi kaunta, maana ndiko kunakoniuma. Aliponiuliza mbele za watu kama najua kusoma, niliichukua ile tyubu isiyofunguliwa nikaanza kuisoma. Stika yenu ya bei ilikuwa imebandikwa chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anayetafuta bei. Nikaikwangua kwa ukucha. Chini yake: mwisho wa kutumika, Novemba mwaka jana. Dereva wangu akapiga picha. Hapo kicheko kikakata. Lakini samahani sikuipata. Alininyang'anya tyubu, akaitupa kwenye boksi chini ya kaunta, akasema, "Bibi, mpishe mteja." Niliingia dukani mama, nikatoka bibi, kwa dakika tano.

Naomba mnirudishie shilingi 54,000 za tyubu tatu. Pamoja nazo 40,000 za fundi wa kurudia kazi. Na kwa kuwa gari limelala siku nne tangu kioo kilipolegea, hesabu anayoniletea dereva ni 35,000 kwa siku, yaani 140,000. Jumla 234,000. Vilevile kijana huyo aniombe radhi palepale kaunta, saa nne asubuhi, foleni ikiwepo. Ofisini kwenu siingii.

Na lile boksi litolewe. Kioo cha mbele si pambo. Husaidia kushikilia paa gari likipinduka, na kinachokishika ni hiyo gundi tu.

Nilikusudia kuwapa siku saba. Lakini jana jioni nimempeleka mjukuu wangu dukani kwenu akanunue tyubu moja. Amerudi nayo, stika iko chini kabisa. Sijaikwangua, naitunza hivyo hivyo na risiti yake. Kwa hiyo ni siku tatu. Siku ya nne tyubu hii, picha na nakala ya barua hii vitakwenda Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani, na stika ataikwangua ofisa wao.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.