Mkurugenzi, mkopo tumeupata, kazi ya kuulipa iko wapi?

Kwako Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yetu,

Shikamoo. Mimi ni mmoja wa wale vijana watano uliopiga nao picha siku ya kukabidhi hundi, ile kubwa kama mlango. Ni yule wa kushoto kabisa, niliyefunikwa na kona yake.

Sina ugomvi na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi kama chetu. Imo kwenye sheria tangu 2018: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, tena bila riba. Iliposimamishwa 2023 tulisubiri. Iliporudi tukaanza upya: katiba ya kikundi, muhtasari, barua ya mtendaji wa kata, akaunti ya benki.

Tukanunua mashine ya kuchomelea, grenda na mabomba. Mpaka leo tumetoa mageti matatu na vitanda viwili, basi. Mtaa wetu hauna hela ya kuweka geti kila mwezi. Rejesho ndilo la kila mwezi.

Juzi Fuso ikapita mbele ya kibanda chetu na madawati mapya ya shule ya msingi tuliyopakana nayo ukuta. Yametoka mjini. Nilikwenda kuyaona: maungio yana matone ya chuma ambayo sisi tungeyasaga kwanza. (Haya, nakiri, huo ni wivu wa fundi.)

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka asilimia 30 ya manunuzi itengewe makundi maalumu, vijana tukiwemo. Nilipouliza nikajibiwa, "Zabuni zote ziko NeST." Sawa, ziko kwenye huo mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni. Ila siku ya hundi hakuna aliyetuambia kwamba na huko kuna kujisajili, na simu ya maana kikundini ni moja.

Anayetoa mikopo na anayenunua madawati wako korido moja, Mkurugenzi. Kikundi kikisaini mkopo, kisajiliwe NeST hapohapo kabla hakijaondoka. Zabuni ya madawati au milango ya zahanati ikitoka, ibandikwe pia kwenye ubao wa kata. Na madawati yakiwa mengi, yagawanywe. Sisi hata hamsini tu yanatutosha.

Rejesho la mwezi huu tumelichanga kwa kubeba zege. Mashine iko chini ya turubai. Ukipita, kibanda ni mkono wa kulia, ukishapita shule.

Wako,
Fundi wa kuchomelea