Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi

Shule ya Msingi, Newala, Mtwara
Desemba

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KILA MTOTO AANDIKISHWE, NA AKIINGIA DARASANI AONE UBAO

Salaam. Najua wengi wenu bado mko mashambani mnamalizia korosho. Matokeo ya mtoto wako yamo kwenye taarifa niliyoambatisha, sitayarudia hapa.

Mwaka huu tulimkosea mtoto mmoja wa darasa la tatu. Ana ualbino. Kwa miezi miwili daftari lake la Hisabati lilirudi na wino mwekundu ule ule: "Hajamaliza kazi." Tukamwona mvivu. Siku moja mwalimu wake alisimama nyuma yake, akamkuta ameinama mpaka pua inagusa karatasi, jua la dirishani likimpiga usoni. Ubaoni alikuwa haoni kitu. Alikuwa akinakili kwa jirani yake, na jirani akishafunua ukurasa, basi. Tulimhamishia dawati la mbele, mbali na dirisha, tukamruhusu ainuke ausogelee ubao. Mtihani wa kufunga muhula tulimchapia kwa maandishi makubwa, akaumaliza wote. Nilikwenda kumwomba radhi mama yake.

Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, nasi walimu tulipaswa kuanzia hapo. Kwa hiyo nawaomba mtuambie mapema: huyu hasikii vizuri sikio moja, huyu ana kifafa, huyu nyumbani anaongea Kimakonde tu. Huyo wa mwisho haumwi chochote. Tulikuwa naye mmoja darasa la kwanza, mwenzake wa dawati akawa mkalimani wake mpaka Kiswahili kikamkaa. Na neno "zeruzeru" sitaki kulisikia shuleni. Nanyi lifuteni nyumbani, maana watoto wanalitoa huko.

Wapo watoto ambao bado wamefichwa ndani, na hilo linaniuma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama mwenzake, na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Akina baba mliomwaga zege la mteremko mlangoni pa darasa la awali, asanteni sana. Choo chenye mlango mpana bado, tukianze Januari.

Jando na unyago vimalizike kabla shule haijafunguliwa. Mtoto mwenye ualbino msimwokoteshe korosho saa sita mchana; avae kofia pana na mikono mirefu.

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza unaendelea likizo nzima, Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mwenye mtoto asiyeweza kutembea asihangaike kumbeba. Nileteeni taarifa tu, nitakuja na daftari la uandikishaji hadi nyumbani.

Wenu,
Mwalimu Mkuu