Barua kwa mwanangu: kuhusu Hilux na safari ya Tukuyu

Moshi, Novemba

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo huku. Vuli imeanza kwa kusuasua. Migomba ya juu imepata maji, ya chini bado inangoja. Baba yako goti linamsumbua, ila kanisani anakwenda mwenyewe kwa miguu yake.

Nimekaa na swali lako wiki ya tatu sasa. Uliuliza kwa simu, haraka haraka, nikakujibu "tutaona", ukanyamaza kama mtu aliyekataliwa. Sikukataa, baba. Swali kama lile halijibiwi mtu akiwa amesimama sokoni na simu sikioni. Ndiyo maana naandika.

Unasema ukija Krismasi unataka kurudi na Hilux, pikapu yetu ya ndizi, mpaka Tukuyu. Mjomba wako anasema gari la mwaka 1996 halitoki mkoani, liuzwe, uongezewe hela ununue IST, gari dogo la mjini. Fundi wetu anasema injini ile ya Toyota iitwayo 3L ukiipa dizeli safi na oili kwa wakati itakufikisha hata Cape Town. Nimewasikiliza wote. Mjomba hajawahi kufungua boneti lake, na fundi amelitengeneza miaka mingi mno hata halioni tena vizuri. Kwa hiyo nikaamua kulichunguza mwenyewe.

Tulilinunua mwaka 2003 likiwa limeshatumika, nusu ya hela ikiwa mkopo wa kikundi chetu cha akina mama. Tangu siku hiyo kazi yake imekuwa moja: kupanda Marangu na Mwika alfajiri kufuata ndizi za mchare na kisukari, kushuka Himo, kufika soko la Mbuyuni umande haujakauka. Wewe mwenyewe umelala juu ya mikungu ile mara ngapi. Na hapo ndipo penye mtego. Miaka yote hiyo halijapita Same kwa huku wala Arusha kwa kule. Linapanda mlima mkali, ndiyo, lakini ni kwa dakika ishirini, kisha linasimama, linapoa, tunapakia. Kukimbia saa sita mfululizo kwenye jua la Kondoa ni kazi nyingine kabisa. Mtu anayebeba gunia la viazi kutoka shambani hadi barabarani kila siku, si lazima aweze kulifikisha Arusha. Watu wakikuambia "lile gari halijawahi kutuangusha", kumbuka halijawahi kuombwa unachotaka kuliomba.

Tena si kweli kwamba halijawahi kutuangusha. Nikuambie jambo ambalo sikukuambia. Mwaka 2009 ulikaa nyumbani karibu muhula mzima ukisubiri ada. Tulikuambia ndizi hazikuuzika. Ndizi ziliuzika. Ilikuwa siku ya gulio la Mwika, nimekaa pembeni ya dereva, na tulipoacha Himo mshale wa joto ukaanza kupanda. Dereva akapunguza mwendo, akasema, "Mama, tusimame." Nikamwambia twende, tumebakiza kidogo, wenzetu wameshafika. Hozi ya juu ya rejeta ilikuwa na ufa, na maji yalikuwa yanakwenda. Tukafika kona mbili mbele, mvuke ukajaa kioo. Nikashuka nikachota maji ya mfereji kwa ndoo, maji ya baridi yatokayo mlimani, nikayamimina mwenyewe kwenye injini inayochemka. Chuma cha moto hakistahimili maji kama yale. Silinda hedi, kile kichwa cha injini kilicho juu ya pistoni, ikapasuka katikati ya valvu. Hedi ile ndiyo iliyokula ada yako, na miezi miwili nikakodi magari ya watu. Dereva alikuwa sahihi, na aliyesema twende nilikuwa mimi. Nimeubeba ukweli huo muda mrefu, na sasa unaujua, kwa sababu utakaa mbele ya mshale uleule.

Basi Jumamosi mbili zilizopita nilishinda gereji. Nilimwomba fundi asiliwashe kabla sijafika, kwa kuwa dizeli ya zamani huungama ikiwa ya baridi. Haina plagi za cheche. Inaibana hewa mpaka hewa yenyewe ipate moto wa kuwasha mafuta. Pete za pistoni zikilika, au hita plagi zinazoipasha joto kabla ya kuwaka zikifa, asubuhi ndiyo utajua. Liliwaka mara ya pili, likatoa moshi mweupe, ukakatika. Hita plagi moja kati ya nne ilikuwa imekufa, imebadilishwa. Moshi wa bluu, ambao ndio niliouogopa maana ni oili inayoungua ndani, haukuwepo. Mweusi upo ukikanyaga ghafla. Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi la barabara ya Mwika, na nozeli zinazonyunyiza dizeli nazo zimetolewa zipimwe. Tulifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, tuone gesi inayovuja kupita pistoni. Inapumua, lakini kama mzee, si kama mgonjwa. Kesho yake asubuhi tukafungua rejeta ikiwa ya baridi, tukawasha, tukayatazama maji dakika kumi. Kama povu lingepanda, barua hii ingeishia hapa, kwa kuwa gasketi ya hedi ingekuwa inavuja na safari isingekuwepo. Hakuna povu lililopanda.

Kilichonikosesha usingizi ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa zamu. Mkanda ule hubadilishwa kila kilomita 100,000, na mita yetu ya kilomita ilikufa mwaka 2014, hatukuitengeneza. Hakuna ajuaye umekwenda kilomita ngapi. Fundi aliumulika kwa tochi akasema ni mzima. Nikamwambia autoe tu. Ukikatika, pistoni na valvu hugongana, na injini imekwisha hapohapo. Hautoi moshi wala mlio wa kukuonya. Sasa umewekwa mpya, na gurudumu dogo linaloukaza, na wota pampu, na hozi zote za maji. Hozi nimezishika moja moja kwa mkono wangu.

Matairi pia. Ukiyatazama, meno bado marefu, kwa sababu tunakwenda karibu. Lakini ubavuni kuna tarakimu nne, 3815, yaani yalitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2015. Raba imekauka, ina nyufa kama za kisigino wakati wa kiangazi. Kwa Marangu yanatosha. Kwa lami ya moto na mwendo wa 80, siwezi kukuweka juu yake. Hela ya mchare ya mwezi huu imekwenda kwenye matairi manne mapya. Sikudai.

Nimefikiria pia kulipakia kwenye lori. Malori ya kutoka huku kwenda Mbeya moja kwa moja si mengi, na nauli niliyotajiwa inakaribia gharama za matengenezo yote niliyokuandikia. Bora hela hiyo iingie kwenye gari lenyewe. Kuhusu IST, mjomba ana hoja kwa mtu anayefanya kazi ofisini Mbeya mjini. Wewe ni bwana shamba. Unakwenda kwa wakulima wa ndizi na parachichi Rungwe, ambako ulisema mwenyewe kwamba mvua hainyeshi, inakaa. IST itakuacha kwenye tope wiki ya kwanza. Na Hilux hii haina kompyuta. Pampu yake ni ya chuma kitupu, na fundi wa kijijini mwenye spana ataielewa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, uliendeshe. Ila si kama ulivyopanga.

Uliniambia utapita Chalinze, Morogoro, halafu Mikumi, kwa kuwa ndiyo njia ya basi unayoijua. Ile ni ndefu zaidi, ina malori yote ya Dar yaendayo Tunduma, na ina mlima wa Kitonga. Pita Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa. Tangu lami ya Babati hadi Dodoma ilipokamilika mwaka 2018, ile kilomita 251 imekuwa barabara nzuri, na magari ni machache. Mpaka Tukuyu ni zaidi ya kilomita 1,100. Igawanye siku tatu. Siku ya kwanza lala Dodoma. Ukipita Makuyuni kuelekea Minjingu nenda taratibu, pale Kwa Kuchinja wanyama wanavuka kati ya Tarangire na Manyara, na twiga hajui honi. Ukimaliza Babati kuna mpando wa Bonga na Bereko. Utakuambia gari likoje kabla hujafika mbali mno kurudi.

Siku ya pili ni fupi, kama kilomita 260 tu hadi Iringa, na nimeifanya fupi kwa makusudi. Toka Dodoma saa kumi na mbili asubuhi. Bwawa la Mtera liko bondeni, kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko zaidi ya mita 1,500. Katikati kuna milima ya Nyang'oro. Joto la Mtera saa nane mchana na mlima ule kwa pamoja, ndipo injini kama yetu huchemka. Uwe umeshavuka bwawa ifikapo saa mbili. Simama ng'ambo robo saa, fungua boneti, tazama chini kama kuna tone, halafu ndipo upande. Rejeta usiiguse ikiwa ya moto. Ukiona mshale umevuka katikati, simama. Hata kama umebakiza kona moja, hata kama kuna mtu nyuma anapiga honi. Zima kiyoyozi, liache liungurume polepole lipoe, na kama maji yamekwisha, lizime na ungoje mpaka mkono uvumilie kulishika. Ndipo uongeze maji kidogo kidogo.

Mteremko shuka na gia ambayo ungepandia. Usiweke fri, yaani bila gia, hata dakika moja kwa kuokoa mafuta. Breki zikichoka mlimani hakuna wa kukusaidia.

Siku ya tatu ni Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole, ndipo ukate kwenda Tukuyu. Kuanzia Iringa umeingia kwenye njia ya malori ya Zambia. Usiyapite kwa hasira. Hilux yetu haina turbo, ukitoka kupita lori linalopanda utabaki ubavuni mwake muda mrefu kuliko unavyofikiri. Vijijini ni 50, kwenye tochi ya trafiki ya kupima mwendo hutajitetea. Giza likiingia uwe umeshalala. Kuna malori yanayokufa barabarani bila taa, na onyo pekee ni matawi ya miti waliyoyatandika. Ukiona matawi hata mchana, punguza.

Dizeli jaza mijini, kwenye vituo vyenye foleni ya mabasi, usinunue ya kwenye madumu. Pampu ya injini hii inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa yakichanganywa humo huisugua mpaka iishe. Uchakachuaji ulipungua sana baada ya serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, lakini kupungua si kuisha. Kwangu linakwenda kilomita tisa hadi kumi kwa lita. Njoo na filta mbili za dizeli kutoka Mbeya kama bei ni nzuri, moja tutaifunga, moja ikae chini ya kiti.

Na usiondoke siku zile za mwanzo wa Januari, watu wanapoteremka wote kwa pamoja kuwahi kazi. Omba ruhusa ya siku nne zaidi. Kabla ya hapo, mimi na wewe tutakwenda nalo Same na kurudi bila kusimama. Nataka kusikia linavyolia likiwa na saa tatu miguuni.

Sasa lililonifanya niandike kuliko yote. Nakujua. Likianza kugoma Kondoa au Mtera, hutaliacha. Utalivuta kwa kamba, utalala ndani yake porini, utatuma kwa marafiki kuomba hela ya spea, kwa sababu lilikusomesha na kwa sababu ni la mama. Sitaki. Ninalo daftari langu la mauzo tangu 2003. Lile gari lilijilipa mwaka wa nne, na ada zako zote, na za dada yako, na bati la nyumba hii, zilitoka juu ya ile bodi. Halitudai chochote, wala halikudai wewe kulifikisha. Likifa njiani, muuzie fundi wa hapo kwa bei yoyote ya heshima, chukua begi lako, panda basi. Sitauliza.

Ili usiseme kadi ya gari ina jina langu, Ijumaa nilikwenda kwa wakili. Ameandika barua ya kukuruhusu kuliuza popote Tanzania, nimetia saini, imegongwa muhuri. Ipo ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kadi na bima, kwenye droo ya dashibodi, chini ya kitambaa changu cha kufutia kioo.

Wasalimie wenzako. Tunakungoja tarehe 22, nimeshatenga mkungu wa mtori.

Ni mimi,
Mama yako