Zimwi lisifukuzwe darasa la kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza huku Kiwira, wilayani Rungwe, na kilichonifanya nishike kalamu ni zimwi.

Katika kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akataka tuache kuwasimulia watoto hadithi za mazimwi, majini na wachawi. Wenzake wakapiga makofi. Sikushangaa. Tangu watoto walipouawa kule Njombe mwanzoni mwa 2019, na mauaji yale yakahusishwa na ushirikina, mzazi wa nyanda hizi akisikia neno mchawi likitajwa mbele ya mwanawe, moyo unamwenda mbio. Haukupita muda, mgeni aliyekuja kutazama ufundishaji naye akanishauri niyaache maneno hayo, ila kwa sababu nyingine kabisa. Kwake yeye zimwi, kasri, dhifa na waziri ni mazito kwa mtoto wa miaka sita. Niseme mnyama mbaya, nyumba kubwa, chakula, na msaidizi wa mfalme.

Nawaheshimu wote wawili, na sikubaliani nao.

Nianze na mgeni. Watoto wangu wengi wanaamka na kulala na Kinyakyusa. Kiswahili chao ni cha redio, cha kanisani na cha kutumwa dukani, na mtu hatumwi dukani kununua kasri. Hadithi zetu nyingi za Kiswahili zina asili ya pwani: mmisionari Mwingereza Edward Steere alipokusanya ngano za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, zilikuwa zimejaa masultani, majini na wafanyabiashara wa mbali. Kwa hiyo ni kweli, maneno haya ni mageni huku kwetu kwenye migomba na chai. Lakini ugeni wa neno si sababu ya kulificha. Nilipouliza kasri ni nini, baada ya kusimulia, mtoto mmoja akasema ni kama lile boma la Wajerumani pale Tukuyu, ila lenye mapazia. Sikuwa na la kuongeza. Kuhusu mfalme walibishana wao kwa wao: wa dawati la mbele wanasema ni malafyale, yaani chifu wetu wa Kinyakyusa, wa nyuma wanakataa kwa kuwa malafyale havai taji. Ubishi ule ulichukua karibu kipindi kizima, na niliuacha uendelee makusudi, maana kila aliyesimama kubisha alilazimika kusema sentensi nzima.

Na huo uzito wenyewe uko wapi? Tunafundisha silabi kwa mpangilio, tunaanza na ba be bi bo bu, mwishoni tunafika kwenye mwa, nya, ng'a, ambako wengi hukwama. Mtoto anayegota kwenye "mwanafunzi" ubaoni analisoma "zimwi" moja kwa moja, kwa sababu jana yake alilikimbia uwanjani. "Likanyata, likanyata, likamng'ata": hapo nina nya na ng'a kwa pamoja, na darasa lote linatembea kwa vidole vya miguu. Tena hadithi ndiyo inayowapa ile -ka- ya kusimulia mambo yanayofuatana. Watoto wangu wakieleza jambo husema "alienda, alimkuta, alimwambia". Wakishasikiliza ngano za kutosha, utawasikia wakati wa mapumziko: "akaja, akaninyang'anya, nikamfukuza". Sijawahi kuifundisha ubaoni.

Kinachoniudhi ni namna vitabu vingi vinavyoyatendea maneno hayo. Hadithi inaisha, chini kuna kisanduku cha msamiati: kasri ni jumba la kifalme, dhifa ni karamu. Mtoto asiyeijua karamu amesaidiwa nini? Ananakili, anapata vema, kesho hana kitu. Mimi nasimulia kwanza kwa mdomo, kitabu baadaye. Nachagua maneno machache tu kwa hadithi moja, na wiki inayofuata nayarudisha katika hadithi nyingine. Nina mfuko wa salfeti wenye kibuyu, kinu kidogo, kanga, pete ya bati na ungo. Siku ya kwanza kuutoa huo ungo, kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, hiyo ndege ya wachawi!" Darasa likaangua kicheko. Nikamwita mbele, nikammiminia mchele wa Kyela, nikamwambia airushe hiyo ndege yake. Mchele ukamwagika sakafuni. Binti ambaye mama yake anauza mchele sokoni hakuweza kuvumilia. Akatoka mahali pake, akamnyang'anya ungo, akapepeta kwa ule mdundo wa mtu aliyezoea, pumba zikaruka, chuya zikabaki pembeni. Kupepeta, pumba, chuya. Tuliporudi kwenye hadithi, kwa mama wa kambo aliyemwamuru yatima atenganishe mchele na mchanga kabla jogoo hajawika, hakuna aliyeuliza hiyo adhabu ina ubaya gani. Walikuwa wamekwishaona mchele sakafuni.

Sasa kwa baba yule wa kikaoni. Zimwi la ngano zetu mara nyingi haliji na pembe. Linajigeuza kijana mtanashati, linamposa binti aliyekataa wanaume wote wa kijijini, linamchukua kwenda naye mbali. Nilipofika hapo, mtoto mmoja akauliza kwa hasira, "Kwa nini hawakumuuliza kwao ni wapi?" Mzazi mwenzangu, swali hilo ndilo ninalotaka mwanao awe nalo akiitwa na mtu asiyemjua njiani. Tukiondoa zimwi tukaweka "mtu mbaya", tumempa mtoto onyo la jumla ambalo amelisikia mara mia na halimshtui tena. Hofu ya hadithi pia ina mipaka yake: tunaingia kwa "hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea", tunatoka kwa "wakaishi raha mustarehe", na katikati mdogo wa mwisho, yule aliyedharauliwa na kaka zake, ndiye anayelishinda zimwi.

Kuna jambo moja ninalokubaliana naye. Mchawi wa hadithi zangu hawi bibi kizee mwenye macho mekundu. Nchini kwetu wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa sababu ya macho hayo, ambayo kwa wengi ni matokeo ya miaka ya moshi wa kuni jikoni. Watoto wangu wana bibi wa namna hiyo nyumbani, tena hao ndio wenye hadithi nzuri kuliko zangu. Mmoja huja darasani nikimwomba. Husimulia kwa Kinyakyusa, watoto wanamfuatisha kwa Kiswahili, na wakikosa neno wananigeukia mimi. Hapo ndipo ninapolitoa, wakati wanalihitaji.

Najua tunapimwa kwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto akifika darasa la pili ataulizwa anasoma maneno mangapi kwa dakika. Sina ugomvi na saa. Ila nauliza wanaopanga vipindi: kusimuliwa hadithi kumewekwa wapi katika ratiba? Mimi naiba muda wa asubuhi, hasa Juni na Julai wakati vidole vimekufa ganzi kwa baridi na penseli haishikiki.

Kwako mhariri nina ombi. Rudisha hadithi ya watoto kila Jumamosi, yenye zimwi lake na kasri lake, bila kisanduku cha msamiati. Nitaibandika ukutani. Herufi ziwe kubwa na picha iwe kubwa zaidi, kwani darasa lina watoto zaidi ya tisini na wa nyuma huwa wanasimama juu ya madawati ili waone.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Kiwira, Rungwe, Mbeya