Shukrani kwa mama wa daladala ya Mbagala

Mama uliyekaa nami siti ya nyuma, gari la Kariakoo kwenda Mbagala Rangi Tatu, sikukuuliza jina. Nilikuwa nalia, nimepakata begi la nguo, narudi kwetu. Mume wangu ni wa bodaboda. Akishatoa hesabu ya tajiri, kinachobaki anakula na rafiki yake kijiweni, mimi nafunika sahani. Ulinishika mkono, vidole vyako vinanukia dagaa, ukasema: "Mwanangu, huyo rafiki umewahi kumkaribisha ukamsikiliza?" Sikuwahi. Nikashuka Mtoni Mtongani, nikageuza. Jumapili huyo rafiki alikuja, akala ugali kwetu. Kumbe ndiye aliyemuuguza mume wangu alipovunjika mguu, kabla hatujajuana! Siku hizi saa mbili usiku mume yuko nyumbani. Ahsante sana mama yangu, Mungu akuzidishie.