Hawa, hiyo oli inklusivu msiikimbilie

Hawa shoga yangu,

Asalaam aleikum. Voisi zako nimezisikiliza zote, ata ile ya mwisho yenye jogoo anakushinda kelele, nikaona hapa kujibu kwa meseji mbili tatu haitoshi, ngoja nikae nikuandikie vizuri maana najua utaisoma mbele ya wenzio wa nigina, kile kikundi chenu cha kina mama cha kuchangiana, na Mama Rehema lazima aulize maswali. Kwa hiyo munataka kufungia mwaka Zanzibar. Mashallah. Na mumeshaona kwenye simu zile hoteli za oli inklusivu, unalipa mara moja, unavalishwa kibangili, unakula unakunywa mpaka siku ya kurudi, na kwa vile mi nshalala kwenye hoteli ya namna hiyo na mama na dada na watoto, unataka nikwambie kama inafaa.

Nikwambie tu mapema: sisi ilitufaa. Nyinyi, msiichukue.

Sisi aliyelipa ni shemeji, yule wa Doha, na shemeji anapenda kitu ambacho akishalipa hapigiwi simu tena. Na watoto wa dada unawajua, kila nusu saa juisi, kila nusu saa chipsi, yule mdogo anaomba aiskrimu analamba mara mbili anaiacha. Kwenye hoteli ya kawaida ungekuwa unasaini risiti mpaka mkono uanze kuuma, pale unawaambia tu nenda chukua. Dada, mtu anayehesabu ata njiti za kiberiti, alikaa kwenye kiti cha pwani akapitiwa na usingizi wa mchana, kitu sijakiona toka aolewe. Mama ndo alichelewa kuamini. Kila sahani ananiuliza chinichini, hii ngapi, namwambia mama imeshalipwa, ananitazama kama namuuzia kiwanja cha watu.

Chakula siwezi kukidanganya, kilikuwepo. Asubuhi vitumbua, maandazi ya iliki, mayai anakukaangia mbele yako, mapapai na mananasi yamekatwa kama maua. Mchana na usiku samaki wa kila aina, pweza, pilau, na tambi sijui za namna ngapi kwa ajili ya Waitaliano, maana tulikuwa upande wa Kiwengwa na kule Waitaliano wamejaa mpaka vijana wa pwani wanaongea Kiitaliano kuliko mi ninavyoongea Kiganda. Ndizi za nazi zipo ila usizitarajie kuwa matooke. Mama alizunguka meza zote hizo kama anakagua, akarudi na wali na samaki, kesho yake wali na samaki, na mpishi mmoja alipojua tunatoka Uganda akawa anamchemshia chai ya tangawizi pembeni bila kuombwa. Nguruwe yupo kwenye bufee, kawekwa mbali na kibao chake, wapishi wenyewe wengi Waislamu watawaonyesha.

Sasa njoo kwenye hesabu, na hapa ndo nataka Mama Rehema avae miwani.

Hoteli hawajitupi. Bei ya oli inklusivu wanaipiga kwa kukadiria mgeni wa kawaida atakula nini na atakunywa nini, na kula peke yake hakuwezi kupandisha bei hivyo, ata mlaji namna gani tumbo lina mwisho. Kinachoipandisha ni baa. Pale kwetu baa inaanza watu wengine bado wanakunywa chai, na inaenda mpaka usiku, bia za Kilimanjaro, Safari, jini, mvinyo, yale ya rangirangi yenye kamwavuli juu. Sisi meza nzima ni maji, soda, juisi ya pasheni, chai ya mama. Wee Hawa, unywe soda ngapi ndo ufikie jini za mzungu mmoja wa pale? Si utaugua sukari kwanza! Yaani tulikuwa tunawachangia watu pombe, sisi ambao ata harufu yake hatuitaki, na kwa nyinyi wote wa nigina, watu wa mji wetu wa Bombo ambao kinywaji chenu kikali ni kahawa, hiyo ni hela nyingi mnamwagia watu wengine. Hoteli hizohizo ukiuliza wanakuwa na hafu bodi, yaani chai ya asubuhi na chakula cha usiku, au fulu bodi yenye na mchana, na vinywaji unalipa unachokunywa. Tofauti ya bei izidisheni kwa watu wote halafu muone kama haiwatoshi boti na gari la kuzunguka kisiwa.

Tena kuna jambo nililisoma baadaye likanichekesha. Hii biashara ya likizo ya kulipa kila kitu pamoja, waliofanya ijulikane ni Club Med, alianzisha Mbelgiji mmoja Gérard Blitz mwaka 1950 kwenye kisiwa cha Majorca huko Hispania, watu wanalala kwenye mahema, wanakula pamoja kwenye meza ndefu. Na unajua vinywaji vya baa vilikuwaje? Vilikuwa nje ya bei! Unanunua shanga, unazivaa, ukitaka kinywaji unalipa kwa shanga. Kwa hiyo ata wenyewe walijua mnywaji na asiyekunywa huwezi kuwapiga bei moja, hawa wa siku hizi ndo wamejisahaulisha.

Kitu kingine ambacho zile picha hazitawaambia ni maji. Sisi ni watu wa ziwa, kule Entebbe au Ssese maji uliyoyaacha jioni ndo hayohayo utayakuta asubuhi. Mashariki ya Unguja bahari inaondoka. Wallahi inaondoka. Watoto walivaa nguo za kuogelea wakakimbia, kufika wakakuta mchanga na majani na vidimbwi, bahari yenyewe iko kuleee kwenye mwamba inapiga mawimbi ata huisikii vizuri. Inakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini, kwa hiyo ukiogelea leo saa nne kesho ni karibu saa tano, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, inajaa sana na inakupwa sana, katikati yake hapo kuna maji mafu ambayo tofauti inakuwa ndogo. Wenyeji wote wanaijua hiyo kalenda bila kuangalia popote. Hotelini wanabandika karatasi ya saa karibu na mapokezi na wageni wanaipita, alafu unasikia mtu analalamika eti kalipia bahari hajaiona.

Lakini mama alifurahia kukupwa kuliko kujaa. Maji yakitoka ndo kina mama wa kijijini wanaingia kwenye mwani, wameinama wanafunga vishina kwenye kamba zilizosimamishwa kwa vijiti, na mama alivyo, siku ya pili tu hayupo kwenye kiti chake, namuona kakunja gauni yuko katikati yao na maji ya kifundo. Alikaa nao mpaka maji yanaanza kurudi. Akaja na habari zote: mwani walianza kuulima mwishoni mwa miaka ya 1980, karibu wote ni wanawake, na hela yake ya kwanza wengi walijengea nyumba na kusomesha. Ila ile aina yenye bei nzuri, kotonii, siku hizi inakufa kwa sababu maji yamezidi joto, wamebaki na spinosumu ambayo bei yake ndogo, kwa hiyo wengine wanatengeneza sabuni wanauza wenyewe. Unapelekwa nje unakuwa ute unaoingia mpaka kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Mi nikawaza, yule mtoto wa dada na zile aiskrimu anazoacha! Wakikaa kivulini wanasuka ukili, na hapo mama akawa hatoki tena maana unajua mikono yake, wakawa wanaonyeshana jinsi sisi tunavyofuma sinia zetu na wao wanavyoshona mikeka.

Kilichoniuma ni kwamba mama hakuweza kuwaita waje wanywe naye chai. Pwani ni ya kila mtu, wanapita, lakini pale kwenye viti kuna kamba, na kamba ina walinzi, vijana wa Kimasai na shuka zao na rungu, na asiye na kibangili havuki. Mapapasi, wale vijana wa kutafuta wateja pwani, wanasimama ng'ambo ya kamba wanaita tu, mama, boti, mama, pomboo. Hao walinzi siwalaumu, wametumwa. Ila tulikuwa na wageni waliokuja wakaondoka geti hawajalivuka, wamelipia kila kitu ndani kwa hiyo nje wanaona hasara, na mama lishe wa nje ya geti anauza pweza wa nazi mtamu kuliko wa bufee anakaa anafukuza inzi. Hiyo ndo sababu yangu nyingine ya kuwakataza. Mukishalipia chakula cha mchana kule ndani, nani kati yenu atakubali kununua kingine nje? Nawajua.

Tulitoka tukaenda Mji Mkongwe, dereva mzee kidogo, alivyosikia Kiswahili chetu akauliza Kenya? Tukasema Uganda. Akanyamaza mpaka nikadhani tumemuudhi, alafu akasema, aa, kwa Okello. Mi nikakumbuka shuleni, John Okello, mtu wa kabila la Lango kwetu Uganda aliyeongoza Mapinduzi ya 12 Januari 1964 kisha wakamfukuza kisiwani haukupita muda. Sikujua ametaja kwa wema au kwa ubaya, wazee wa pale kila mmoja ana upande wake na wafu wake, na mama naye akajua, akageuza akauliza karafuu zinachumwa mwezi gani, basi ikaongelewa karafuu mpaka tunafika. Mkiulizwa mnatoka wapi semeni Uganda kwa furaha, ila hiyo habari msianzishe nyinyi.

Mjini mtaenda wenyewe siwezi kueleza yote. Vichochoro vile tengeni muda wa kupotea. Jumba la Beit al-Ajaib upande mmoja uliporomoka Desemba 2020 kwa hiyo mulione tu kwa nje. Kwenye soko la zamani la watumwa, pale Mkunazini palipojengwa kanisa, dada alitoka kabla hatujamaliza, hakutaka watoto waone vile vyumba vya chini. Jioni Forodhani, urojo, juisi ya miwa, na ulizeni bei kabla ya kushika mshikaki.

Kwa hiyo mi ningekuwa nyinyi ningechukua Nungwi, kaskazini kabisa, kule maji hayaendi mbali mnaogelea saa yoyote, hafu bodi, alafu usiku mmoja au miwili mjini. Jirani yake Kendwa pwani nzuri sana lakini wana sherehe ya muziki kila mwezi mpevu mpaka alfajiri, sitaki kusikia Mama Rehema ameamka usiku kuwafokea. Paje na Jambiani kuna nyumba za wageni za bei nafuu, ila maji ni yaleyale ya kuondoka na ikivuma Kusi wanaocheza na vitiara vya upepo ndo wanafurahi siyo nyinyi.

Disemba mwisho bei inaruka, Krismasi na mwaka mpya wazungu wote wanakuja. Subirini Januari, Kaskazi inavuma, jua kali, mvua za vuli zimeshapita. Aprili msithubutu, masika, hoteli nyingine zinafunga kabisa. Na Ramadhani muangalie isiangukie hapo maana mchana nje ya hoteli mtapata tabu kupata pa kula, na sioni kwa nini mfungie kwenye hoteli ya watu wa baa.

Pasipoti kila mtu, viza hatulipi lakini kitambulisho cha taifa hakitoshi kama cha kwenda Kenya. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano wanaidai kwa sisi tunaotoka Uganda. Kuna bima ya lazima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024, inalipwa kwa intaneti, malizeni kabla hamjafika Entebbe, na hotelini kuna ushuru wa kila kichwa kila usiku, muulize kama umo ndani ya bei au mtadaiwa siku ya kuondoka. Yule aliyesema muende kwa basi mpaka Dar alafu boti, mwambie boti ni kama saa mbili tu, shida ni hilo basi. Aende yeye.

Burkini wanaruhusu, dada aliogelea nayo na hakuna aliyemgeukia. Ila mkitoka hotelini kwenda kijijini vaeni kama mnavyovaa Bombo, wenyeji wanachoka na watu wanaopita sokoni nusu uchi.

Mkishakubaliana tarehe nitumie kabla hamjalipa chochote, nitazame mwezi utakuwa wapi. Salimia bibi na watoto.

Wako,
Zaituni