Vitabu vya mimea visihamie mtandaoni vyote

Mhariri,

Naotesha miche ya kuuza hapa Kisauni, na siwaungi mkono wanaotaka vitabu vikubwa vya mimea viache kuchapishwa na viwekwe mtandaoni tu. Nakubali mtandao hurekebisha majina upesi: migunga yetu mingi iliyoitwa Acacia sasa ni Vachellia au Senegalia, na kitabu changu kingali na jina la kale. Unyevu wa pwani nao umekivimbisha kurasa. Lakini nikiwa kitaluni, mikono imejaa udongo na bando limekwisha, ni hicho hicho nakifungua, naweka jani juu ya mchoro na kuhesabu mishipa yake. Orodha kuu ya mimea ya Afrika Mashariki, vitabu viitwavyo Flora of Tropical East Africa, ilichapishwa kuanzia 1952 hadi 2012. Nakala zake ziwekwe katika maktaba zetu za kaunti.

Mwotesha miche,
Kisauni, Mombasa